Paa la kitambaa: linafaa wapi, na kwa masharti gani?

Mahujaji wengi kutoka Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa wamewahi kupita chini ya paa la kitambaa. Ni lile la jengo la mahujaji katika Uwanja wa Ndege wa Mfalme Abdulaziz, Jeddah, lililokamilika mwaka 1981. Lina mahema 210, kila moja mita 45 kwa 45, yaliyoning'inizwa kwa nyaya za chuma kwenye nguzo ndefu, na kwa pamoja yanafunika zaidi ya hekta 40. Anayesema turubai ni la harusi na misiba tu, kwanza ajibu hoja ya jengo hili.

Kitambaa chake ni cha nyuzi za kioo kilichopakwa Tefloni, ile plastiki laini ya kwenye vikaango visivyoshika chakula. Kwa kuwa ni cheupe, hurudisha sehemu kubwa ya jua la jangwani, na mwanga kidogo unaopenya unatosha kuangaza mchana. Kila hema limechongoka kuelekea juu na kuachwa wazi kileleni. Hewa ya moto hupanda ikatokea huko, na upepo huingia pembeni ambako hakuna kuta. Mhandisi Fazlur Khan, mwenye asili ya Bangladesh, na wenzake wa kampuni ya usanifu ya Skidmore, Owings & Merrill walipata kivuli kikubwa kwa vifaa vyepesi mno, na mwaka 1983 jengo likapewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Hata hivyo, chini ya mahema hayohayo, sehemu ya ukaguzi wa abiria ilijengwa kwa kuta na kuwekewa viyoyozi. Hapo ndipo uwezo wa kitambaa unapokomea. Tabaka moja jembamba halizuii joto kama ukuta, wala halizuii kelele, na mvua kubwa ikinyesha mtasikilizana kwa shida. Ndiyo maana siungi mkono darasa au wodi ya kitambaa kitupu.

Tatizo jingine ni ukazaji. Kitambaa hakiwezi kubeba mzigo kwa kusukumwa, hubeba kwa kuvutwa tu. Watu wanne washike kanga pembe zake: wawili wanaotazamana wainue, wawili wengine wavute chini. Itajipinda pande mbili na kutulia hata upepo ukivuma. Mmoja akilegeza mkono, inaanza kupigapiga. Paa lililolegea hupigapiga hivyohivyo mpaka likachanika kwenye mishono, au hutuama maji, na maji yakiongezeka uzito unazidi kulivuta chini.

Umri nao una hesabu yake. Uwanja wa Tropicana Field huko St. Petersburg, Florida, ulifunguliwa mwaka 1990 ukiwa na paa la kitambaa cha aina hiyohiyo ya Jeddah. Oktoba 2024 kimbunga Milton kikararua sehemu kubwa ya paa hilo, lililokuwa na miaka 34 hivi, na timu ya besiboli ya Tampa Bay Rays ikalazimika kucheza msimu wa 2025 katika uwanja mwingine. Wapinzani huutaja sana mfano huu, na wana haki. Lakini saruji na bati navyo vina umri wake. Tofauti ni kwamba kitambaa kikichoka hakikupi muda mrefu wa kujishauri.

Huku kwetu vivuli vingi vya magari na viwanja vya kuchezea watoto hutumia poliesta iliyopakwa plastiki ya PVC, ambayo ni ya bei nafuu zaidi lakini haifikii umri wa kile cha nyuzi za kioo. Kwa soko, stendi ya mabasi au uwanja wa shule, mahali ambapo watu wanahitaji kivuli, hewa na kujikinga na mvua, naona ni chaguo zuri kuliko bati linalochoma utosi mchana kutwa. Nguzo ni chache, hivyo mikokoteni na mabasi hupita. Shida ni kwamba halmashauri zetu huwa na fedha za kujengea, za kutunzia hazionekani. Mkataba usiotaja nani atakaza nyaya, kila baada ya muda gani, na fedha za kitambaa kipya zitatoka fungu lipi, usisainiwe.