Warsha ya Siku Moja Haimlei Mwandishi

KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na pamoja nao ikazikwa ile insha ya dakika 40 na alama 40 iliyowatia wengi wetu jasho. Nilidhani kwamba mazoea yake yangezikwa kaburi lilo hilo. Kwa muda wa miaka miwili sasa nimekuwa nikikutana kila Jumamosi na watoto 12 wa sekondari msingi hapa Kisumu, na ninaweza kushuhudia kwamba mazoea hayo yangali hai na yana siha njema. Watoto waliozaliwa juzi bado "wanarauka macheo majogoo yanapowika", bado wanajawa na "furaha riboribo", na mioyo yao ingali inadunda "mithili ya ngoma". Katika mtaa wetu wa Nyalenda jogoo wapo, sikatai, lakini mtoto wa huko huamshwa kwanza na makanga wanaoita abiria wa Kondele, na sijapata kumwona makanga hata mmoja katika insha.

Siwalaumu watoto. Mapambo hayo wameyanakili kutoka ubaoni hadi kurasa za nyuma za madaftari yao, kwa sababu mtahini mwenye rundo la karatasi mbele yake alikuwa akitafuta ushahidi wa haraka kwamba mtoto anaijua lugha, na methali mbili pamoja na tashbihi tatu zilikuwa ushahidi unaoonekana upesi. Ubaya wake ni kwamba sentensi iliyokaririwa humwondolea mtoto kazi ya kutazama. Akishaandika kwamba mama alihuzunika "mithili ya mfiwa", hana haja tena ya kukumbuka mama alifanya nini siku hiyo.

Dawa inayopendekezwa kila mara ni warsha, na hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wa wenzangu. Nimewahi kushiriki katika warsha ya siku moja ambapo watoto zaidi ya 100 waliketi ukumbini tangu asubuhi, wakasikiliza mihadhara minne kuhusu ploti na wahusika, wakapewa soda na mkate, kisha vyeti na picha ya pamoja. Hakuna aliyesoma hata aya moja iliyoandikwa na mtoto. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa wahadhiri, na nilitoka nikijisikia nimefanya jambo kubwa. Kosa langu la pili lilikuwa baya kuliko hilo: nilipoanza kusoma kazi za watoto, nilizisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Mvulana mmoja wa Gredi ya 7 nilimrudishia ukurasa wenye alama 31 za masahihisho. Nilikuwa nimezihesabu, tena kwa fahari. Hakurudi Jumamosi iliyofuata, wala nyingine yoyote.

Siku hizi kalamu hiyo huibakiza nyumbani, nami huuliza maswali tu. Msichana mmoja wa Gredi ya 8, ambaye mama yake huuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliniletea kisa kuhusu mvua za vuli. Anayeishi kando ya ziwa anajua kwamba omena hutegemea jua: huanikwa juu ya nyavu kuukuu, na ikinyeshewa kabla ya kukauka huanza kuharibika, ikaishia kuuzwa kwa bei ya kutupa ili itengenezewe chakula cha kuku. Yeye alikuwa ameandika kwamba mama alizama katika bahari ya huzuni.

"Mama alifanya nini?" nilimuuliza.

"Alihuzunika, Mwalimu."

"Mikono yake ilikuwa ikifanya nini?"

Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akaeleza, huku vidole vyake vikisuguana, kwamba mama alikuwa akichota omena kiganjani, anainusa, halafu anaigawa mafungu mawili: ya watu na ya kuku. Alipojaza gorogoro, lile kopo la kupimia, ya kuku alijifuta mkono kwa leso. Alipojaza ya watu hakujifuta. Nilimwambia aandike hivyo hivyo alivyosema. Bahari ya huzuni ilikauka katika rasimu ya pili bila mimi kuigusa.

Kwa maoni yangu, kazi yote ya mlezi wa uandishi ni hiyo: kuwa msomaji mmoja mwenye subira, anayerudi kwenye kisa kile kile mara tatu au nne. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mwenye watoto 100. Hata hao 12 hunielemea, na Jumamosi nyingine husoma kazi za watano tu. Haihitaji fedha nyingi. Meza ya maktaba ya umma na madaftari hutosha, mradi kikao kifanyike mahali pa wazi na wazazi wajue nani anakaa na watoto wao. Mtoto anayetaka kuanza kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, mimi humruhusu, kwa kuwa hadithi nyingi alizonazo alizisikia kwa lugha hiyo. Zamani siwindhe, nyumbani kwa nyanya, ndiyo iliyokuwa darasa la masimulizi, na sioni kwa nini kisa kilichozaliwa kwa lugha ya nyumbani kizuiwe kupitia njia hiyo kabla ya kufika kwenye Kiswahili.

Umri nao una uzito wake. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 hulazimika kuchagua mkondo atakaoufuata katika sekondari ya juu, na Fasihi ya Kiswahili imewekwa katika mkondo wa sayansi za jamii. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka 14 huamua kama ataiacha fasihi kabla hajawahi kuandika kisa kilicho chake. Hata yale mashairi ambayo watoto huyakariri kwa ufasaha mkubwa katika tamasha za muziki, mengi hutungwa na walimu wao. Tunawapigia makofi kwa koo zao, si kwa mawazo yao.

Yule msichana alileta rasimu ya nne Jumamosi iliyopita. Sentensi ya leso, ambayo nilikuwa nimeisifu mbele ya wenzake wote, haikuwamo. Nilipomuuliza ilikokwenda, alisema mama yake alikuwa amekisoma kisa na kukipenda, ila aliomba sehemu hiyo iondolewe, wateja wasije wakadhani kwamba omena yake yote ililowa. Tumekubaliana kuzungumza na mama pamoja.