H.M. Kakataliwa

Likizo ndefu ya chuo, wenzangu walikuwa wanahangaikia field, mafunzo ya kazini, bandarini Mtwara na kwenye benki za Dar. Mimi nilikuwa kwa mjomba, kijijini Tandahimba, naomba London. Benki za uwekezaji za kule hufungua maombi ya mafunzo ya kiangazi karibu mwaka mzima kabla, na nyingi hazingoji siku ya mwisho: zinasoma kadiri maombi yanavyoingia, nafasi zikijaa zimejaa. Basi unaomba nyingi. Na ukiomba nyingi bila kuandika mahali, utachanganyikiwa ipi imetuma mtihani wa hesabu na ipi inataka ujirekodi video.

Orodha yangu ilikuwa kwenye ekseli. Umeme ukakatika, kompyuta ikazima, nikanunua manila na makapeni za rangi nikaichora upya. Juu nikaandika LONDON kwa herufi kubwa. Safu ya kwanza, herufi za mwanzo za jina la benki (hapa nimezibadilisha, bado natafuta kazi). Ya pili, Daraja: la kwanza zile kubwa za dunia nzima, la pili zile ndogo. Halafu Raundi, yaani hatua ya mchujo niliyofika. Halafu saa ya kufunga, ambayo niliigeuza kabisa kuwa ya kwetu, maana dakika moja kabla ya usiku wa manane wa London, mwanzoni mwa Oktoba, huku ni saa 7:59 usiku. Mwisho, Hali: kijani "wameita", njano "inasubiri", nyekundu "imekataliwa".

Mjomba ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Naye alikuwa na manila yake meza ileile, imeviringishwa na kufungwa mpira vilevile: majina ya wakulima, kilo walizopeleka ghalani, malipo ya mnada. Asubuhi akampigia kijana wa bodaboda: "Pitia nyumbani, chukua manila mezani, kabandike ofisini. Nakuja." Kijana akachukua manila.

Mimi nilipoamka nikafungua iliyobaki nitazame benki gani inafunga leo, nikakutana na kilo 412 za korosho.

Nilifika ofisini nahema. Ukuta hauonekani kwa watu.

"H.M. si mimi huyu?" Mzee mmoja, baraghashia imekaa upande, kidole kimegandamiza wino mwekundu. "Korosho nimeanika mwenyewe, nimegeuza mwenyewe. Imekataliwa na nani?"

"Heri wewe umekataliwa ukiwa daraja la kwanza," akadakia bibi mmoja. "B.K. wameniweka la pili! Punje nimechambua moja moja, macho yamenitoka!"

"Raundi ya pili maana yake mnada wa pili," kijana mmoja akawa anawafafanulia wenzake. Sijui nani alimwomba.

"Na hii saa 7:59 usiku?"

Hapo watu wakatulia. Kisha sauti ya nyuma kabisa ikasema: "Kangomba."

Neno hilo, yaani kununua korosho za wakulima kwa magendo, mbele ya ofisi ya chama, msimu wa korosho, halitamkwi ovyo. Kila mtu akaona kichwani mwake lori limezima taa na walanguzi wanapakia. Pikipiki mbili zikawashwa. Za kumfukuza nani, hata wenyewe nadhani hawakujua.

"Halafu wameandika London," akasema yule mzee. "London nani anabangua korosho? Zetu zinakwenda India na Vietnam!" Wote wakaguna kumkubali.

Mjomba ndiyo anaingia. Akavaa miwani, akasoma taratibu mpaka chini. "Hii si ya chama," akasema. "Ni ya mpwa wangu."

"Ahaa! Kumbe ni mpwa wa katibu!"

Nikapanda benchi. Nikaeleza kwamba ni benki, ila hazipokei akiba ya mtu. Kampuni ikitaka mtaji, wao wanaipangia bei ya hisa na kuitafutia wanunuzi. Vodacom walipouza hisa 2017 kwa shilingi 850, kuna watu walikaa chini wakaipigia hesabu hiyo 850. Kampuni moja ikitaka kuinunua nyingine, wanakaa katikati na kuchukua chao.

"Madalali," akasema bibi.

Nilifungua mdomo nipinge, nikaufunga. Chuoni tumelipiwa muhula mzima kujifunza hilo.

Orodha halisi ikaja, kila mtu akaona kilo zake, pikipiki zikazimwa. Mzee H.M. hakuondoka.

"Huyu H.M. mwenzangu kakukatalia nini?"

"Hawasemi, babu. Wameandika tu wanashukuru kwa muda wangu."

"Mmekaa wote muda gani?"

"Hatujaonana."

"Sasa wanashukuru muda upi?"

Toka hapo manila ikawa ya kijiji. Bibi akipita kwenda shamba lazima asimame dirishani: "B.K. wangu kajibu?" Siku ya kujirekodi video nilijifungia ofisini kwenye umeme wa sola. Swali linatokea kwenye kioo, unapewa nusu dakika ya kufikiri, halafu unaongea peke yako na kamera, hakuna kurudia. Swali likaja: eleza ulivyowahi kutuliza watu wenye hasira. Nikaanza vizuri, kwa Kiingereza changu chote, mpaka dirishani ikaingia sauti: "Usisahau kuwaambia na ile ya kangomba!"

B.K. wakaniita raundi iliyofuata. Vigelegele vilisikika mpaka ghalani, na bibi akatembea siku nzima akimpitia mzee H.M. kwa makusudi, salamu tatu tatu.

Kesho yake nikakuta neno "imekataliwa" la H.M. limekatwa kwa kalamu ya wino, na pembeni, kwa mwandiko wa kutetemeka, pameandikwa: "Mazungumzo yanaendelea."