Nia Tumeisifu Sana, Njia Tumeisahau

Penye nia pana njia, tumefundishwa tangu utotoni, na kila anayetaka kubadilika huishia kwenye nusu ya kwanza ya methali. Anaamua. Anaapa mbele ya kioo, anaandika daftarini, anawatangazia wenzake kwamba kuanzia Jumatatu ataamka alfajiri, atasoma, atakimbia. Ikifika Jumatatu ya tatu viatu vya mazoezi viko chini ya kitanda, naye amebaki na jibu moja tu: hana nia ya kutosha.

Katika mjadala wa namna mtu anavyobadilika na kudumu na mabadiliko hayo, kuna kambi mbili. Ya kwanza ni ya wahamasishaji: badili fikra zako, maisha yatafuata. Ya pili ni ya watu wa mazoea, wanaosema mwili hufuata kilichorudiwa, hivyo panga vizuri kinachorudiwa. Kambi ya kwanza ina majukwaa na makofi. Ya pili husikika kama fundi wa nyumba: weka hiki hapa, toa kile pale, kesho rudia. Nakiri mapema kwamba nimeegemea kwa fundi. Wahamasishaji nao wana haki yao, na nitawapa.

Nianze na mkono wangu mwenyewe. Kwa miaka nilikuwa nikishika simu kabla sijafungua jicho la pili. Niliazimia kuacha mara zisizohesabika, na kwa dhati kabisa. Usiku nilikuwa muumini, alfajiri nilikuwa mtu mwingine. Siku moja nikahamishia chaja sebuleni. Asubuhi iliyofuata, akili ikiwa bado usingizini, mkono ulikwenda pembeni mwa mto, ukapapasa shuka, ukarudi, ukapapasa tena. Nilibaki nikiutazama kama mzazi anayemtazama mtoto akitafuta kitu kilichofichwa. Ulipapasa hivyo kwa takriban wiki mbili, kisha ukaacha. Sikuwa nimepata dhamira mpya wala ufunuo wowote. Chaja ilikuwa imehama, basi.

Mwaka 2002 mwanasaikolojia Wendy Wood na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa chuo Marekani, waliokuwa wakiandika kila saa walichokuwa wakifanya na walichokuwa wakikiwaza. Asilimia 43 hivi ya matendo yao yalikuwa ya mazoea: hurudiwa karibu kila siku, aghalabu mahali palepale, huku mawazo yakiwa kwingine. Sehemu kubwa namna hiyo ya siku inaendeshwa na mkono unaopapasa. Ukimwambia mtu abadili fikra, unazungumza na ile sehemu yake nyingine, inayosikia.

Lugha yetu nayo inatuponza kidogo. Neno tabia tunalitumia kwa mwenendo uliojirudia hadi ukawa mwepesi, na tunalitumia pia kwa utu wa mtu. Ukisikia fulani "ana tabia", hakuna anayedhani anasifiwa kwa kupiga mswaki kila usiku, ameshahukumiwa. Kwa hiyo anayeshindwa kuacha kung'ata kucha anajiona ana ufa katika utu wake, wakati alichonacho ni vidole vilivyozoea kwenda mdomoni anapokuwa na wasiwasi. Neno mazoea lina haki zaidi. Mtu huzoea kiti kigumu, huzoea kelele za jirani, na aliyezoea kimoja anaweza kuzoea kingine. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Hawakusema yana aibu.

Kuna jaribio moja la Uingereza, la mwaka huohuo wa 2002, ambalo huwa silimalizi kulifikiria. Wanafunzi 248 wa chuo kikuu waligawanywa makundi matatu. La kwanza halikupewa hamasa yoyote. La pili lilipewa maandishi ya kuamsha ari: hatari za ugonjwa wa moyo, na namna mazoezi yanavyoipunguza. La tatu lilisoma yaleyale, kisha kila mmoja akaandika siku gani, saa ngapi na mahali gani wiki ijayo atafanya mazoezi ya nguvu kwa angalau dakika 20. Wiki ilipopita, waliofanya mazoezi katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 38. Katika kundi la tatu, asilimia 91. Na lile lililohamasishwa bila kupanga? Asilimia 35.

Isidhaniwe kwamba maandishi yale yalikuwa hafifu. Yalifanya kazi yake: walioyasoma walionyesha nia kubwa zaidi ya kufanya mazoezi kuliko wenzao. Nia ilipanda, miguu haikuondoka. Ni kweli ilikuwa wiki moja tu, na kila mtu alijieleza mwenyewe alichofanya, kwa hiyo sitasema jaribio hilo pekee linamaliza ubishi. Lakini anayesimama jukwaani kuwasha ari za watu kisha akashuka bila kuwauliza "saa ngapi, wapi?" angepaswa kukosa usingizi japo usiku mmoja kwa ajili ya asilimia hizo 35.

Halafu kuna hesabu ya siku. Nani hajaambiwa kwamba tabia hujengeka kwa siku 21? Chimbuko lake linalojulikana ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake kwa kawaida walihitaji siku zisizopungua 21 hivi kuizoea sura mpya kiooni. Neno "zisizopungua" likadondoka njiani, sura ikageuzwa tabia, na uzoefu wa daktari mmoja ukawa kanuni ya binadamu wote.

Wanaojiona wajuzi zaidi siku hizi husema ni 66. Nami nilikuwa nikiitaja hovyo hadi nilipoitazama vizuri. Inatoka kwa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Watu 96 walichagua kila mmoja kitu kimoja cha kula, kunywa au kufanya kwa mwili, wakakifunga kwenye tukio la kila siku, mfano baada ya kifungua kinywa, na kwa siku 84 wakawa wanaeleza kama kimeanza kujiendesha chenyewe. Waliotoa takwimu zilizolingana vizuri na mchoro wa watafiti walikuwa 39. Wapange hao kwa mstari, kuanzia aliyewahi hadi aliyechelewa, na wa katikati ana siku 66. Wa kwanza ana 18. Wa mwisho ana 254.

Msomaji makini atauliza: siku 254 zimepatikanaje katika utafiti wa siku 84? Zimekadiriwa. Mstari wa mtu huyo ulikuwa ukipanda polepole, watafiti wakauendeleza kwa hesabu hadi pale ambapo ungetulia. Yaani siku walipofunga madaftari, mwenzetu huyu alikuwa amekwenda theluthi moja tu ya safari. Huyo ndiye ninayemfikiria kila ninaposikia habari za siku 21. Hana uvivu, hajaacha, anapanda. Lakini mpe ahadi ya siku 21, na siku ya 22 atajikuta bado anajilazimisha, aseme basi, mimi sikuumbiwa haya. Mpe 66 na utakuwa umemwongezea muda kidogo kabla ya fedheha ileile. Waliochagua mazoezi ya mwili walihitaji kama mara moja na nusu ya muda wa waliochagua kunywa au kula kitu, jambo ambalo mtu yeyote angelikisia kabla ya kusikia utafiti, na bado tunawapa wote tarehe moja.

Katika utafiti huohuo kuna jambo linalonukuliwa kidogo kuliko linavyostahili: kuikosa nafasi moja hakukuathiri ujenzi wa zoea kwa kiasi cha maana. Siku moja ikipotea, mstari unaendelea kupanda karibu kama kawaida. Lilinganishe na mtu anavyozungumza na nafsi yake siku hiyo. Amekimbia asubuhi kumi na moja mfululizo. Ya kumi na mbili mtoto ana homa, hakukimbia. Kwa mwili wake ni upungufu mdogo sana. Kichwani mwake mnyororo umekatika, na kesho yake, badala ya kuvaa viatu, anaanza kutafuta tarehe nzuri ya kuanza upya: mwanzo wa mwezi, mwanzo wa mwaka, Jumatatu. Siku moja imekuwa wiki tatu, na mvua wala homa hazihusiki tena.

Hapa ndipo wahamasishaji wanaponishinda, na sioni haya kusema. Alan Marlatt, mwanasaikolojia aliyechunguza watu wanaoacha pombe, alieleza kwamba kuteleza mara moja na kurudi kabisa ni mambo mawili, na kinachomvusha mtu kutoka la kwanza hadi la pili mara nyingi ni maana anayolipa tukio. Akilihesabu kama ushahidi kwamba yeye ni dhaifu wa kudumu, anazama. Akilihesabu kama kosa la mahali na saa, lenye sababu inayoonekana, ana nafasi ya kurudi njiani. Hakuna chaja ya kuhamisha hapo. Hiyo ni kazi ya akili tupu, tena ngumu.

Na si hiyo tu. Zoea halichagui lengo. Litakupeleka kwa uaminifu uleule kwenye chupa au kwenye kitabu. Yapo pia mambo yasiyokubali kugeuzwa zoea. Kunywa glasi ya maji kila asubuhi, sawa. Lakini kumsikiliza mwenzako katikati ya ugomvi bila kumkatiza, mara hii akiwa amekosea kweli, kunahitaji mtu awepo mzima, macho wazi. Hata ule mpango wa "saa ngapi, wapi" uliowapeleka watu asilimia 91 mazoezini ulitungwa na akili. Peter Gollwitzer, aliyeupa mtindo huo jina na nadharia miaka ya 1990, anaueleza kama sentensi ya "ikitokea hili, nitafanya lile": mtu anaamua mara moja, mapema, akiwa ametulia, kisha anaukabidhi uamuzi kwa saa au mahali. Kwa hiyo ugomvi wangu na wahamasishaji unahusu zamu. Wanaiita akili kazini saa ile ambayo haifai kitu, alfajiri mkono ukiwa tayari umeshika simu, na wanasahau kuiita jioni iliyotangulia.

Watu wa kambi yangu nao wana uzembe wao. Kwa muda mrefu tulijisaidia na dai kwamba utashi ni kama tangi, ukitumika asubuhi unapungua jioni, kwa hiyo tusiutegemee. Dai hilo lilipata umaarufu kwa majaribio ya mwaka 1998. Mwaka 2016 maabara 23 zilipolipima upya kwa washiriki zaidi ya 2,000, athari iliyoonekana ilikuwa karibu na sifuri. Wengine bado wanalihubiri.

Tunapenda pia kuwataja askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtafiti Lee Robins alikuta karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu wa heroini akiwa vitani. Kati ya hao waraibu, ni asilimia 5 hivi tu walionaswa tena katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi. Mazingira yalibaki ng'ambo, na uraibu wa wengi ukabaki nayo. Hoja nzito, ila wengi wetu hakuna anayetupandisha ndege atuondoe katika maisha yetu. Anayetaka kuacha pombe anafanya kazi na walewale anaokunywa nao. Anayelala chumba kimoja na watoto wanne hana sebule ya kuhamishia chaja. Nilipoandika habari za mkono wangu hapo juu niliiruka sebule hiyo kama kitu ambacho kila mtu anacho. Mtu wa namna hiyo ukimwambia abadili mazingira unamtukana kistaarabu, na atakayemsaidia afikiri tofauti ndani ya chumba kilekile amemsaidia kuliko mimi.

Hata hivyo kuna jambo moja linalonirudisha kwa fundi kila mara. Mwaka 2005 Ann Graybiel na wenzake wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walionyesha kwamba panya waliozoezwa njia fulani ya kufuata chakula hujengewa mpangilio maalumu wa mapigo ya neva ndani kabisa ya ubongo. Chakula kilipoondolewa, mpangilio ulififia. Kiliporudishwa, ukajitokeza tena haraka. Zoea la zamani halikuwa limefutwa; lilikuwa limelala.

Rafiki yangu mmoja aliacha sigara miaka kadhaa iliyopita, kwa nia tupu, na hukasirika akisikia habari za panya. Zamani alikuwa akivutia kwenye ngazi za nyuma za ofisini kwao. Mwaka jana tulishuka ngazi zile tukizungumzia mambo mengine kabisa. Tulipofika kwenye kona ya dirisha, mkono wake wa kulia ukapanda hadi mfuko wa shati, ukagusa kitambaa mara mbili, ukashuka. Hata sentensi hakuikatiza. Nilipomwambia alikana kata kata. Tulipopanda kurudi, kona ileile, mkono ukapanda tena, na safari hii aliuona. Akacheka, kisha akanyamaza hadi mlangoni. Siku hizi hununua mashati yasiyo na mfuko. Mkewe anadhani ni mtindo.