Jennifer Jones na nafasi ya namba tatu

Februari 2005, mji wa St. John's, ncha ya mashariki ya Kanada. Fainali ya ubingwa wa taifa wa kalingi kwa wanawake, mchezo ule wa kutelezesha mawe ya karibu kilo 20 juu ya barafu, imebakiza jiwe moja tu, na jiwe hilo ni la Jennifer Jones wa jimbo la Manitoba. Ontario, chini ya nahodha Jenn Hanna, wako mbele 6–4. Jiwe lao limetulia katikati ya nyumba, yaani zile duara zinazolengwa, na kulifikia moja kwa moja ni shida. Jones akalenga jiwe jingine la Ontario lililokaa pembeni. Akaligonga, jiwe lake likakata kona kuingia ndani na kulisukumia mbali lile la katikati. Pointi 4 kwa mkupuo, 8–6, ubingwa wake wa kwanza wa Kanada. Wakanada wanaliita Pigo, basi, na kila mpenzi wa mchezo huo anajua ni lipi.

Nikiitazama tena picha ile, macho yangu huenda upande wa pili wa barafu. Nahodha anapokwenda kuachia jiwe, namba tatu, yaani mchezaji wa tatu kurusha kati ya wanne wa timu, ndiye anayebaki kwenye nyumba, ameusimamisha ufagio wake mahali nahodha anapotakiwa kulenga. Namba tatu wa Jones siku ile alikuwa Cathy Overton-Clapham.

Mwaka 2010 Jones alimwacha.

Tangu hapo jina la Jones limekuwa likitajwa na sifa mbili zinazogombana: bingwa, na mtu asiye na huruma. Hukumu hiyo nimekutana nayo mara nyingi mno, na kila mara naona upande mmoja wa shauri haukusikilizwa mpaka mwisho. Lakini tuanze na wanaolalamika, maana hoja zao ni nzito.

Overton-Clapham alichukua ubingwa wa Kanada mara 4 akiwa na Jones: 2005, 2008, 2009 na 2010. Kabla ya hapo alikwisha kuuchukua mwaka 1995 akiwa na Connie Laliberte. Ubingwa wa dunia waliupata pamoja mjini Vernon mwaka 2008. Aliachwa miezi michache tu baada ya kombe la tatu mfululizo, akiwa na miaka 40, na nafasi yake akapewa Kaitlyn Lawes, msichana wa miaka 21. Kuna jambo hapa linalouma kuliko umri. Mabingwa wa Kanada huingia moja kwa moja kwenye mashindano ya mwaka unaofuata, wakivaa jezi ya Team Canada, bila kupitia mchujo wa jimbo. Jezi ile Overton-Clapham aliitolea jasho sawa na wenzake. Wale watatu wakabaki nayo, yeye akaachiwa kutafuta njia nyingine. Ukisema fadhila ya punda ni mateke, sina neno la kukujibu.

Na njia nyingine aliipata. Alikusanya timu yake, akashinda Manitoba, akatokea kwenye ubingwa wa taifa wa 2011 mjini Charlottetown, safari hii akiwa nahodha, na katika hatua ya awali akamfunga Jones. Jones alifika fainali mwaka ule, akaipoteza 8–7 kwa Amber Holland wa Saskatchewan. Aliyetaka ushahidi kwamba kosa limefanyika hakuwa na haja ya kwenda mbali.

Hapo ndipo unapoletwa ule msemo wa viwanjani, kwamba timu inayoshinda haibadilishwi. Mimi hukwama kwenye neno lile "inayoshinda". Inashinda wapi?

Tuipange miaka ile mmoja mmoja. Mwaka 2008 walichukua Kanada, wakachukua na dunia. Mwaka 2009 walichukua Kanada, kisha kwenye mashindano ya dunia kule Gangneung, Korea Kusini, wakamaliza wa 4. Hata mchezo wa kugombea shaba waliupoteza mbele ya Denmark. Desemba ya mwaka huohuo, mjini Edmonton, ilikuwa zamu ya kutafuta timu ya Olimpiki ya Vancouver. Mabingwa wa taifa wakaishia hatua ya awali, tiketi ikaenda kwa Cheryl Bernard wa Calgary, na Bernard akarudi na medali ya fedha. Mwaka 2010 wakachukua Kanada kwa mara ya tatu, wakaenda mashindano ya dunia mjini Swift Current, jimbo la jirani kabisa na kwao, mbele ya mashabiki wa kwao, wakapata shaba.

Watu wakisimulia habari hii husoma safu ya nyumbani tu: dhahabu, dhahabu, dhahabu. Safu ya dunia inasema dhahabu, wa nne, shaba. Safu ya Olimpiki ni tupu. Nimezitazama safu hizi tatu mara nyingi, na sioni namna ya kuzisoma pamoja bila kuona timu iliyosimama imara nyumbani huku ikiteremka kila inapovuka mpaka wa mashindano ya taifa. Kombe la tatu lilikuwa la kweli, ila ndilo lililowazuia watazamaji wasione mteremko. Jones aliuona. Mwaka ule wa 2010 alikuwa anatimiza miaka 36. Mlango wa Olimpiki uliofuata ulikuwa Winnipeg, Desemba 2013. Akiukosa huo, wa baadaye ni mwishoni mwa 2017, naye ana miaka 43. Mtu aliye kwenye hesabu ya namna hiyo hawezi kupewa ushauri wa kungoja kidogo.

Sisemi kwamba Overton-Clapham ndiye aliyeiteremsha timu. Kwa haki kabisa, nahodha ndiye anayeachia mawe 2 ya mwisho katika kila awamu, kwa hiyo mchezo unapopotea yeye ni wa kwanza kuulizwa. Lakini nahodha hawezi kujiondoa akabaki na timu yake. Namba moja na namba mbili kazi yao kubwa, ukiondoa mawe yao wenyewe, ni kufagia. Namba tatu ndiye anayeshauriana na nahodha kabla ya kila pigo zito, ndiye sauti ya pili ndani ya nyumba. Anayetaka timu yake ianze kufikiri upya ana kiti kimoja tu cha kugusa, na kiti hicho ndicho kinachokaliwa na mtu wa karibu kuliko wote.

Kuna na jambo la mfumo, ambalo naona ndilo linalomponza Jones kuliko yote. Kwenye soka kocha ndiye anayebandika orodha. Mchezaji aliyeachwa anamlaumu kocha, na wenzake wanamfariji bila aibu. Uingereza wana makocha na maofisa wanaoteua timu ya kalingi ya Olimpiki. Kanada, miaka ile, wachezaji walitafutana wenyewe, wakatafuta na wadhamini wenyewe, na timu ikafuzu kama ilivyo, wote wanne kwa pamoja. Barua ya kuachwa haikutoka ofisini. Ilitoka kwa mtu mliyekula naye, mliyelala hoteli moja, aliyelenga ufagio wako. Uamuzi uleule ungefanywa na kamati ungeitwa mageuzi ya kikosi. Ukifanywa na mchezaji mwenzako unaitwa usaliti.

Kevin Martin wa Alberta, nahodha wa timu ya wanaume, mwaka 2006, alianza upya na wachezaji 3 wapya, akaenda kuchukua dhahabu ya Vancouver mwaka 2010 bila kupoteza mchezo hata mmoja. Kuachana kwake na wale wa zamani hakukufanana kwa kila kitu na habari ya Jones, hilo nalikubali. Ila Martin sijawahi kumsikia akisimuliwa kwa kuanzia na wale aliowaacha. Anasimuliwa kama mtu aliyeona mbele. Nahodha mwanamke naye anastahili kupimwa kwa kipimo hicho.

Njia ya kwenda Sochi, kwenye Olimpiki ya 2014, haikunyooka. Jill Officer, rafiki wa Jones tangu ujana, waliyechukua naye ubingwa wa vijana wa Kanada mwaka 1994, alipumzika kwa ajili ya uzazi. Jones mwenyewe mwaka 2012 alipitia upasuaji wa goti na kujifungua mtoto wa kwanza ndani ya mwaka huohuo. Desemba 2013 wakamfunga Sherry Middaugh 8–4 pale Winnipeg, nyumbani kwao. Februari 2014 wakacheza michezo 9 ya awali wakashinda yote, wakamtoa Eve Muirhead wa Uingereza 6–4 kwenye nusu fainali, wakaifunga Sweden 6–3 kwenye fainali. Michezo 11, ushindi 11. Hakuna timu ya wanawake iliyokuwa imefanya hivyo kwenye Olimpiki kabla yao.

Wanaomtetea Jones hukimbilia hapo na kufunga shauri. Mimi sikimbilii. Dhahabu ya 2014 haiwezi kuthibitisha uamuzi wa 2010, kwa sababu hakuna anayejua timu ya zamani ingefanya nini ikipewa miaka 4 mingine. Pengine ingefika. Hoja yangu imesimama juu ya kile kilichoonekana mwaka 2010 wenyewe, na kwa zile safu tatu nilizozipanga, Jones alikuwa na sababu ya kutosha hata kama Sochi angeondoka mikono mitupu. Ninachoweza kuongeza ni kwamba jicho lake kwa Lawes halikukosea: mwaka 2018, Lawes alichukua dhahabu ya pili ya Olimpiki katika mchezo wa wawili wawili, akiwa na John Morris, na Jones hakuwepo.

Kinachonikosesha raha ni mwisho wa Jones mwenyewe. Olimpiki ya Beijing, mwaka 2022, timu yake ilimaliza hatua ya awali na ushindi 5 na vipigo 4, sawasawa na Uingereza na Japani. Wale wawili wakasonga mbele kwa kipimo cha yale mawe ya majaribio yanayoachiwa kabla ya kila mchezo, kuona nani anakaribia zaidi katikati ya nyumba, wakaishia kucheza fainali wao kwa wao. Kanada ikarudi nyumbani na timu ikavunjika. Jones, akiwa na miaka 47, alijiunga na kikosi cha Mackenzie Zacharias, wasichana waliokuwa mabingwa wa dunia wa vijana mwaka 2020. Mabinti wa umri ule wangeweza kumtazama wakaona mtu aliyepitwa na wakati. Walimpa unahodha.

Februari 2024, kabla ya ubingwa wa taifa kuanza Calgary, alitangaza kwamba huo ndio utakuwa wa mwisho kwake katika mchezo wa wanne. Alifika fainali akiwa na miaka 49, akashindwa na Rachel Homan 5–4, na mashabiki walikuja wakijua wamekuja kumuaga. Siku ya kuondoka aliichagua mwenyewe. Overton-Clapham, akiwa na miaka 40 na kombe la tatu mfululizo bado mikononi, siku yake alichaguliwa na wengine.