Kelele iko kwenye valvu ya kwanza

Sisi wenye amplifaya za valvu, yaani vile vioo vinavyowaka na kukuza sauti, tuna ugonjwa wetu. Spika zikianza kuvuma kidogo tu, mtu anaagiza seti nzima ya valvu za miaka ya 1960, kwa bei inayotisha, kwa sababu kioo kimeandikwa Telefunken au Mullard, majina ya watengenezaji wa zamani. Kwangu hizo ni pesa za kutupa. Kelele unayoisikia ukiwa umekaa kwenye kiti chako mara nyingi inatoka kwenye valvu moja au mbili za mwanzo, na kama unapiga santuri, basi ni zile zinazopokea sauti kutoka kwenye sindano.

Piga hesabu. Kichwa cha sindano cha aina ya MM (chenye sumaku inayotikisika) kinatoa kama milivolti 5 tu. Sehemu ya santuri, ile ya amplifaya inayopokea sindano, inazikuza karibu mara 100, na kelele inayozaliwa ndani ya valvu ya kwanza inapanda nazo njia nzima hadi kwenye spika. Tena kuna RIAA, ule mpango wa kurudisha besi iliyopunguzwa santuri ilipokuwa inachongwa. Kwenye hezi 50, RIAA huinua sauti takriban mara 7 zaidi ya inavyofanya kwenye hezi 1,000. Na umeme wetu, Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, ni wa hezi 50. Kwa hiyo mvumo wa umeme unaangukia palepale amplifaya inapokuza zaidi. Valvu za mwisho zinazosukuma spika, EL34 na wenzake, hazina ukuzaji wa namna hiyo mbele yao. Ziache zifanye kazi mpaka zichoke.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha mkosaji ni nani. Zima, chomoa waya ukutani, subiri vioo vipoe na kapasita, zile zinazohifadhi umeme, zitoe umeme wake, maana ndani mna volti 300 na zaidi. Kisha badilishanisha valvu ya kulia na ya kushoto. Kelele ikihamia spika ya pili, umempata. Ikibaki palepale, tatizo ni soketi, rezista au waya wa ardhi, na hata valvu ya dhahabu haitakusaidia. Sikiliza pia aina ya mvumo. Ule mzito wa hezi 50 mara nyingi unatoka kwenye hita za valvu (nyaya zinazoipasha moto ndani) au waya wa ardhi. Ule wa hezi 100, wenye makali kidogo, unaelekeza kwenye kapasita za umeme zilizozeeka, na hiyo ni kazi ya fundi.

Sasa tuseme valvu ndiyo yenye kosa, na ni 12AX7, aina inayotumika sana kwenye nafasi za mwanzo, ambayo Wazungu wa Ulaya huiita ECC83. Soko limejaa, na hapa ndipo watu wanapotea. Valvu mpya zenye jina la Mullard hazitoki tena Blackburn, Uingereza. Jina lilinunuliwa, na zinatengenezwa Saratov, Urusi. Si mbaya, lakini usilipie hadithi ya Blackburn. Mimi kwa nafasi ya kwanza ningechukua JJ ECC83S ya Slovakia. Sahani zake, vile vipande vya chuma ndani ya kioo, ni fupi, na sahani fupi hazitikisiki kirahisi kama ndefu. Sovtek 12AX7LPS ina hita iliyosokotwa ili kupunguza mvumo, jambo zuri, ila sahani zake ni ndefu, kwa hiyo amplifaya ikikaa karibu na spika za besi inaweza kuanza kuimba yenyewe. Ukitaka kujua, washa, ongeza sauti kidogo, gonga kioo taratibu kwa upande wa kifutio wa penseli. Mlio mfupi ni kawaida ya valvu yoyote. Ukiendelea kulia kama kengele, irudishe kwa muuzaji.

Kuna wanaosema uweke 5751, valvu inayoingia mahali pa 12AX7, kwa kuwa ukuzaji wake ni mara 70 badala ya 100. Kelele itashuka, kweli, lakini muziki nao umeshuka, na ukipandisha volyumu vyote vinarudi pamoja. Huo ni utulivu wa kujidanganya. Usijaribu pia kuingiza ECC88, valvu ya aina nyingine, kwa sababu tu pini zinaingia. Kwenye ECC83 pini ya 9 ni kati ya hita. Kwenye ECC88 ni ya kinga ya ndani, na nyaya za hita hazipangwi sawa.

Cha kumwomba muuzaji ni kimoja: valvu iliyopimwa kelele na mtikisiko kwa ajili ya nafasi ya kwanza. Wengi wanaouza kwa uangalifu huzitenga hizo na huongeza bei kidogo, na hiyo nyongeza ndiyo pesa pekee ninayoitoa bila kunung'unika. Nunua mbili, moja kwa kila chaneli, kama sehemu yako ya santuri imejengwa hivyo. Zile nyingine za kati, hata bila kibandiko chochote, zinatosha kabisa.