Deni la familia na mistari ya Biblia: mbona anasomewa anayedaiwa tu?

Ukikaa makanisa ya Masasi, Newala au Nachingwea, huku kusini mwa Tanzania, kuanzia mwezi wa kumi minada ya korosho inapoanza, utaisikia Mithali 22:7 mpaka uikariri, "Tajiri humtawala maskini, naye akopaye ni mtumwa wake akopeshaye". Ikishasomwa hiyo inafuata Kumbukumbu la Torati 28:12, ile ya kukopesha mataifa mengi na wewe usikope, watu wanaitikia amina kwa nguvu alafu jumatatu mtu yupo kwa jirani anaomba elfu hamsini mpaka hela ya mnada iingie akaunti. Siwacheki, na mimi ni wa humo humo. Ninachotaka tupime ni kama hii mistari inasaidia kweli familia kumaliza deni au inatupa tu moyo wa jumapili moja.

Nianze na wanaosema inasaidia, kwa sababu wana hoja na sio ndogo. Deni la familia huku mara nyingi halina mkopaji mmoja. Mzee alichukua pembejeo, mama ana mkopo wa kikoba, kijana mkubwa alikopa pikipiki, kuna hela ya matibabu ya bibi alitoa mjomba, kuna ya unyago wa binti. Kila mtu anajua la kwake na anaficha la kwake. Sasa familia inayosali pamoja ina kitu ambacho wengine hawana, ina sababu ya kukaa chini jioni wote bila kuitana kikao, mtu anafungua 2 Wafalme 4, mjane na watoto wake wawili, mdai yuko mlangoni anataka kuwachukua hao watoto wawe watumwa. Elisha hamwambii mama akae asubiri. Anamuuliza una nini nyumbani, anamtuma akaazime vyombo kwa majirani, mafuta yanapatikana, alafu anampa utaratibu: uza, lipa deni, kinachobaki ndo muishi wewe na wanao. Deni kwanza, kula baadaye! Nimeona familia zilizosoma hapo zikatoa daftari zikaandika madeni yote ya nyumba kwa mara ya kwanza, na kwa maoni yangu hiyo kazi peke yake ni nusu ya safari, kwa sababu mkopo usioandikwa ndo unaosahaulika hela ya korosho ikiingia, mtu ananunua bati wakati muuza dawa bado anamdai.

Na kuna kitu kwenye hiyo habari watu wanakipita mbio. Huyo marehemu mume alikuwa mcha Mungu, mjane anamwambia Elisha wazi na Elisha habishi. Yaani mtu wa Mungu alikufa na deni. Hapo ndo naanza kutofautiana na wahubiri wa siku hizi wanaosema deni ni roho, deni ni laana ya ukoo, njoo ukemewe. Ukishamwambia mama kwamba deni lake ni pepo unamfanya aone aibu, na mwenye aibu haendi kwa anayemdai kuomba apunguziwe au apewe miezi zaidi, anakopa kwingine kimya kimya. Mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kali, imejaa watu wa namna hiyo, na ile ya kwenye simu ambayo usipolipa wanawatumia meseji ndugu zako wote. Novemba 2024 Benki Kuu ilifungia programu 69 za kukopesha ambazo hazina leseni, lakini mtu mwenye aibu haulizi leseni.

Kubwa zaidi ni sadaka. Kuna upande unasema Malaki 3:10 haina mjadala, toa zaka kwanza hata kama unadaiwa, Mungu atafungua madirisha ya mbinguni, na wapo waliofanya hivyo wakamaliza madeni na wanashuhudia, siwezi kuwakatalia ushuhuda wao. Upande mwingine unasema hela unayodaiwa sio yako, utamtoleaje Mungu cha mtu? Mimi niko karibu na hawa wa pili na sababu yangu ni Marko 7, pale Yesu anawakemea waliokuwa wanasema mali yangu ni Korbani, nimeshaiweka wakfu kwa Mungu, ili wasiwatunze baba na mama. Kama kutoa kwa Mungu kunaweza kuwa njia ya kukwepa wajibu wa mzazi, basi kunaweza pia kuwa njia ya kumkwepa aliyekukopesha hela ya kumtibu huyo mzazi. Zaka ya mapato sina ugomvi nayo. Kukopa ili upande mbegu, yaani utoe sadaka ukitegemea Mungu akurudishie zaidi, hapana.

Alafu deni la marehemu. Msibani ndugu anasimama anatangaza, mwenye kumdai marehemu aje kwetu familia. Ni tendo la heshima na Wakristo wengi wanaliunganisha na Warumi 13:8, msiwiwe na mtu chochote isipokuwa kupendana. Shida inakuja wiki mbili baadae madai yakifika, mengine hayana hata karatasi, na watoto wanaambiwa ninyi ni waamini, mtalipa. Kisheria msimamizi wa mirathi analipa madeni kutoka kwenye mali aliyoacha marehemu, kinachobaki warithi wanagawana, mali ikiisha deni halihamii kwenye mshahara wa mtoto labda kama na yeye alisaini udhamini. Wengine wanakimbilia Ezekieli 18 kwamba mwana hachukui uovu wa baba, ila pale panaongelewa dhambi, tusilazimishe. Na kwetu Wamakua, Wamakonde, Wayao na Wamwera ukoo unafuata mama, kwa hiyo ukiuliza familia ipi inalipa utapata majibu mawili, wajomba wanaangalia watoto na watoto wanaangalia wajomba. Biblia inayo yote mawili, Mithali 22:26 inakukataza kudhamini deni la mwenzio, lakini Paulo anamwandikia Filemoni kuhusu Onesimo, kama unamdai kitu kiandike kwangu, mimi nitalipa. Paulo alijitolea mwenyewe, hakuna aliyemsukumia. Mtoto akijitolea namna hiyo ni sadaka kubwa kweli, akilazimishwa mbele ya jeneza ni kitu kingine kabisa.

Ila haya yote bado ni upande wa anayedaiwa, na hapo ndo ugomvi wangu na mimbari zetu ulipo. Nehemia 5 sijui mara ya mwisho umeisikia lini. Watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao wapate nafaka wakati wa njaa. Badilisha mizabibu weka mikorosho, hiyo ni Tandahimba mwezi wa pili ghala likiwa tupu! Mtu anapewa magunia ya mahindi anaacha mikorosho yake kwa misimu kadhaa, au anachukua hela ya kangomba, yaani anauza korosho kabla hazijavunwa, anapewa hela saa hii atalipa kwa kilo msimu ukifika, kwa bei ambayo haifiki hata karibu na ya mnada. Na huyo anayekopesha sio mgeni, mara nyingi ni mzee wa kanisa, mwalimu, mwenye duka, yuko benchi la mbele. Nehemia hakuwaambia wadaiwa wajifunze nidhamu ya fedha. Aliwaita wenye kukopesha, akasema hata yeye na ndugu zake wanakopesha, akawataka warudishe mashamba na riba. Wakarudisha.

Wenye kukopesha nao wana lao la kusema na sio la kupuuza. Msimu wa 2018 serikali ilipozuia wanunuzi na kununua korosho yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba, wapo wakulima waliosubiri malipo miezi na miezi, na waliowakopesha wakasubiri nao. Mwenye duka hana Mungu mwingine wa kumlipa muuzaji wa jumla. Anayekopesha bila riba hapa anabeba hatari ya mvua, ya bei na ya wanasiasa. Sawa. Lakini kutoka kufidia hatari mpaka kuchukua mavuno ya mtu misimu mitatu kwa magunia ya mahindi ni mbali sana.

Kanisa la huku haliwezi kusema hayo ni mambo ya dunia hayatuhusu. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, aliingia mpaka kwenye jando akatengeneza jando la Kikristo, mila nzito kuliko zote. Rehani ya mikorosho kati ya waumini wawili wa parokia moja ni nyepesi kuliko hiyo, inahitaji wazee watatu, daftari la yule anayekopesha likiwa mezani, na wafanye hivyo mwezi wa pili kabla mahindi hayajatolewa, sio mwezi wa kumi shamba likiwa limeshahama mikono.