Niliwaahidi nyama rosti

Jumapili mama mkwe anakuja, nikatangaza jikoni mnipishe leo, nawapikia nyama rosti ya oveni. Kosa la kwanza hilo, maana huku kwetu ukisema rosti kila mtu anaona nyanya na vitunguu vilivyokaangwa mpaka mafuta yanaelea, mi nilikuwa namaanisha lile pande kavu la kizungu linalokatwa slaisi kama mkate, sasa ningeanzia wapi kueleza.

Bucha nako vita. Namwambia jamaa kilo 2 mnofu wa paja, usikate. Shoka lishakuwa juu. "Kaka nzima hivi, unafuga simba?" Na bado akaipiga moja kwa mazoea, paa, nikapiga kelele acha acha acha, watu wakageuka wakajua kaka watu kajikata kidole.

Nafika home kufungua oveni, stoo! Tangu tununue lile jiko oveni ni kabati, mna masufuria, kikaango cha chapati, mifuniko ambayo sufuria zake hata hatuzikumbuki. Nikatoa vyote. Nilidhani vyote.

Maelekezo kwenye simu yanasema weka 350. Nazungusha kitufe kinagota 250. Nikasema ahaa ndo maana vitu vyetu bei rahisi, tunapunjwa mpaka moto, basi nikakibana hapohapo mwisho na nikaongeza saa nzima kufidia zile 100 zilizopungua. Kumbe yule mwenye maelekezo ni Mmarekani bwana, wenzetu wanapima kwa Farenhaiti, 350 yake huku kwetu ni kama 177 tu. Sasa mtu mzima unatajaje namba hujasema ni ya nini, si sawa na kumwambia mtu tukutane saa nne, asubuhi au usiku atajijua mwenyewe!

Moshi ukaanza. Kwa chini kumbe kulibaki mfuniko, kishikio cha plastiki. Mwanangu wa mwisho pale ndani, miaka 5, anauliza baba unachoma taka? Luku nayo pii pii pii, asubuhi niliacha yuniti sita naona mbili.

Naitoa nyama, nje tairi, ndani tairi lenye maji ya moto. Kisu kinateleza. Hapo ndo wife anafungua mdomo, eti ng'ombe wetu hawa wanatembea kutwa kutafuta majani, mnofu hauna mafuta, ulitakiwa moto mdogo, 150 hivi, uifunike na maji kidogo masaa matatu. Sasa ulikuwa wapi saa saba mama?? Anasema ulisema tukupishe.

Mama mkwe kwa upole kabisa, "Baba, mie meno yananisumbua, nipe tu wali na mchicha." Meno anayo yote yule, Krismasi nimemuona anamenya muwa nayo.

Wife hakusema kitu, kakwangua kale kaweusi, kakatakata vipande vidogo, jiko la mkaa, tangawizi, kitunguu, nyanya za kutosha, kaacha inatokota sisi tunaangalia mpira. Saa kumi na moja tunakula, mama mkwe kaongeza mara mbili na hayo meno yake, kila mtu mama umepika mama umepika.

Nikawaambia jamani si nilisema leo mnakula rosti? Hakuna hata aliyeinua kichwa kwenye sahani.